Ngome ya Kaiser na Udongo wa Ujiji

Kijana wa Kigoma akishuka stesheni ya Dar es Salaam na gunia lake la dagaa na dumu la mawese, hukuta jina lake la mjini limeshaandaliwa: "Ee bwana, karibu, mtu wa mwisho wa reli!" Sisi wenyewe tumelizoea. Tunalicheka, na wengine wetu tunalitumia kwa majivuno kijiweni. Sina ugomvi na utani. Lakini ndugu msomaji, hebu tulipime jina hilo kwa kipimo cha historia. Mwisho wa nini? Na ni nani aliyesimama hapo kwanza akasema, basi, dunia imekwishia hapa?

Mimi naona jina hilo ni la mtu atokaye Dar es Salaam. Kwake yeye reli imeishia ziwani, kwa hiyo na nchi imeishia hapo. Kwa mtu anayetoka Uvira au Kalemie, Kigoma ni mwanzo. Na kwa mtu wa Ujiji wa miaka 150 iliyopita, ziwa halikuwa ukuta hata kidogo. Lilikuwa barabara. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika Ujiji, ukapumzika, ukanunua chumvi na samaki, ukapanda mitumbwi, ukavuka kwenda Manyema. Ujiji ilikuwa katikati ya safari.

Je, katikati paligeuka vipi kuwa mwisho? Hilo ndilo swali la makala haya. Ili kulijibu itabidi tupande kilima cha Kigoma, kwenye jumba lile la Wajerumani ambalo watu hulijua kwa jina la Kaiser House, halafu tuteremke kilomita kama nane hadi Ujiji, kwenye nyumba za udongo ambazo kila masika hupungua. Lakini kwanza naomba tupite Ulaya kidogo, maana huko ndiko ilikotoka fikra ya kwamba mji wa maana lazima uwe na ngome.

Kilima cha Buda

Katika miji mikuu mingi ya Ulaya utakuta mtaa mmoja wa zamani juu ya kilima, wenye kasri, kanisa, kuta nene na njia nyembamba za mawe. Chukua mfano wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ulio ukingoni mwa mto Danube. Wamongoli waliivamia nchi hiyo mwaka 1241 na 1242 wakaiacha magofu. Walipoondoka, Mfalme Béla wa Nne akajenga mji wenye ngome juu ya kilima cha Buda, wasije wakakutwa uwanjani tena. Waturuki waliuteka mwaka 1541 wakakaa mpaka 1686. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, tangu Desemba 1944 hadi Februari 1945, mji ulizingirwa, na kasri lile likateketea. Chini ya kilima kuna mapango na mahandaki ambamo watu walijificha mabomu, na humo ndani hata hospitali ilifanya kazi. Vita vilipokwisha wakajenga tena. Mwaka 1987 mtaa huo wa ngome ukaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kuna jambo moja katika habari hiyo lililonifanya niikumbuke Kigoma. Budapest ni miji iliyounganishwa. Buda ya kilimani, Pest ya tambarare ng'ambo ya mto, na Óbuda, ziliunganishwa kuwa mji mmoja mwaka 1873. Na sisi je? Tunayo Kigoma ya kilimani na Ujiji ya tambarare, na katikati yake Mwanga, zote chini ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Hata mahandaki tunayo, walau ya masimulizi: ni kijana gani wa Kigoma ambaye hajasikia kwamba chini ya Kaiser House ipo njia ya siri inayokwenda hadi stesheni?

Ila tofauti ipo, na ni kubwa. Buda ngome ilijengwa ili watu wa pale wasiangamizwe na wageni. Kwetu mgeni ndiye aliyejenga ngome. Mji ulikuwapo tayari, tena mji mkubwa, na ngome ilipokuja ikaunyang'anya kiti.

Mji usio na ukuta

Ujiji ni nchi ya Wajiji, jamaa wa Waha wa pwani ya ziwa, tangu kabla ya Mwarabu yeyote kuliona ziwa. Walikuwa wavuvi, mafundi wa mitumbwi na wafanyabiashara. Chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu, majembe na mifugo vilipita mikononi mwao. Wafanyabiashara wa pwani ya bahari walianza kufika takriban mwaka 1840, wakifuata pembe za ndovu. Hawakufika kama watawala. Walikuwa wachache, na iliwapasa kupatana na wakubwa wa nchi na kutoa hongo, yaani ushuru wa kukaa na kupita.

Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwaka 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, baada ya safari ya zaidi ya miezi saba kwa miguu na machela. Wazungu huandika kwamba wao ndio waliolivumbua ziwa. Sawa, lakini walipotaka kwenda kulitazama upande wa kaskazini walikwama, kwa kuwa hawakuwa na chombo. Aliyewapa mitumbwi na wapiga makasia ni Kannena, mkubwa wa Kawele, mtaa mmojawapo wa Ujiji. Tena aliwatoza bei ambayo Burton aliilalamikia sana. Mimi nikisoma habari hiyo hucheka. Huyo "mvumbuzi" alikuwa abiria tu, na mwenye chombo alijua bei yake.

Mji ulikua. Wapwani walijenga nyumba za udongo zenye dari bapa na baraza pana mbele, wakapanda miembe, mipapai na mikomamanga. Sokoni palikuwa na fedha yake: shanga zinazoitwa sofi, fupi kama vipande vya kiko kilichovunjika. Cameron, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1874, aliandika kwamba walikuwepo watu wa kubadilisha fedha. Asubuhi soko likifunguliwa walikuuzia sofi za kununulia, na likikaribia kufungwa walizinunua tena kwa wauzaji. Faida yao ilitoka pande zote mbili. Ndugu msomaji, hii siyo biashara ya kijiji. Ni benki, isipokuwa haikuwa na jengo.

Na mkubwa wa wapwani wa Ujiji wakati huo alikuwa nani? Alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyeishi hapo miaka mingi akashikamana na wenyeji. Karibu na mwaka 1880 alipokea bendera ya Sultani Barghash wa Unguja akahesabiwa kuwa liwali wake. Bendera ilipepea, lakini ngome hakuijenga. Ulinzi wake ulikuwa mapatano, mikopo, ndoa na majahazi. Alikufa mwaka 1885. Aliyemfuata kwa nguvu ni Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, mtu wa vita, na enzi zake zilikwisha alipopigwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1894.

Nimeyataja majina hayo makusudi. Ukienda leo penye mnara wa Ujiji utakuta hasa habari za watu wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Wamewekewa hata sanamu, wanavuliana kofia. Kannena hayupo, wala Mwinyi Kheri. Hata Susi hayupo kama anavyostahili, ingawa yeye ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley, na ndiye ambaye kuanzia mwaka 1873, pamoja na Chuma na wenzao, aliibeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo. Mji mzima wa wafanyabiashara, wavuvi, masheikh na watumwa umekuwa pazia la nyuma la wageni wawili kusalimiana.

Maji yalipokimbia

Sasa tuulize: kwa nini Wajerumani hawakujenga Ujiji? Kwanza walijaribu. Mwaka 1896 waliweka kituo chao cha kijeshi Ujiji, kwa kuwa ndiko watu na mali zilikokuwa. Lakini ziwa lenyewe lilikuwa limeshaanza kuusaliti mji.

Tanganyika ni ziwa lenye tabia yake. Kwa miaka mingi ya karne ya 19 maji yalipanda, kwa sababu mlango wake wa kutokea upande wa magharibi, mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 maji yakauzibua mlango huo. Ziwa likaanza kushuka, na kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limeteremka kwa takriban mita 10. Hebu fikiria pwani ya tambarare kama ya Ujiji: maji yakishuka mita moja, ufuko unakimbia mbali. Ndiyo maana mahali walipokutana Livingstone na Stanley, palipokuwa karibu na bandari, leo unatembea kwa miguu kabla hujaona maji.

Ghuba ya Kigoma ni kinyume chake. Ina kina, ina vilima vya kuzuia upepo, meli kubwa inaweza kusogea. Mhandisi wa reli hatazami kwamba watu wanakaa wapi. Anatazama kina cha maji. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Philipp Holzmann, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na tarehe 1 Februari 1914 ikaufikia ufuko wa Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 1,200, zilizolazwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua ambao majina yao hayakuandikwa kwenye jiwe lolote la stesheni. Njia ya miezi ikawa ya siku. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika historia, mahali petu pakawa "mwisho".

Ngome ya mfalme asiyefika

Kigoma ikajengwa kama mtu anavyovaa suti ya harusi. Stesheni nyeupe ya ghorofa yenye matao, kubwa kuliko mji wenyewe ulivyokuwa, ikitazama bandari. Juu zaidi jumba lile la kutazama ziwa, ambalo umaarufu wake umebaki kwenye jina la Kaiser. Wazee husimulia kwamba lilijengwa ili Mfalme wa Wajerumani, Wilhelm wa Pili, aje apumzike na kuwinda. Husimulia pia ile njia ya chini kwa chini, ati Kaiser ashuke kwenye treni asionekane na mtu mpaka chumbani kwake.

Mimi sikuona handaki hilo. Ninachojua ni kwamba Kaiser Wilhelm hakukanyaga Afrika Mashariki maisha yake yote. Lakini msidharau hadithi ya handaki, enyi mnaotaka kuwa waandishi. Hadithi haidumu miaka zaidi ya 100 bila sababu. Vibarua waliochimba msingi, askari waliolinda geti, akina mama waliopita chini ya kilima na ndoo za samaki, hao wote walilitazama jumba wasiloruhusiwa kuingia. Mtu akifungiwa mlango, akili yake huchimba njia nyingine. Handaki hilo ni maelezo ya watu wa chini kuhusu serikali ya juu: inakwenda bila kuonekana, inatokea usipoitarajia.

Na enzi hiyo ya juu ilidumu kwa muda gani? Hesabu nami. Reli imefika Februari 1914. Sherehe kubwa na maonyesho ya kuikamilisha yalipangwa Dar es Salaam Agosti 1914. Agosti hiyohiyo vita vikalipuka Ulaya. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa katika masanduku kama 5,000, ikaunganishwa tena Kigoma na mafundi watatu Wajerumani wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na Wahindi na Waafrika wengi. Iliteremshwa majini Februari 1915. Jina lake lilikuwa la gavana aliyezima Vita vya Maji Maji. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, baada ya kuipaka mitambo grisi nzito ili maji yasiile. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Miaka miwili na nusu! Suti ya harusi haikuchakaa hata kola. Buda iliona Waturuki wakikaa karibu miaka 145. Kilima chetu hakikuwapa Wajerumani hata miaka mitatu baada ya treni ya kwanza. Meli ndiyo iliyowashinda waliyoiunda: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, moja ya majina ya zamani ya ziwa hili. Mwaka 1997 iliwabeba maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Zaire kurudi kwao. Hakuna Mjerumani wa 1913 aliyeiota safari hiyo.

Milele ya faranga moja

Baada ya vita kuna kisa kingine, ambacho vijana wengi wa Kigoma hawakifahamu, na mimi nakiona ni kitamu kuliko cha handaki.

Wabelgiji waliishika Kigoma mpaka 1921, halafu wakawaachia Waingereza. Lakini hawakuondoka mikono mitupu. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba: Ubelgiji ipewe maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ya kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kodi? Faranga moja kwa mwaka. Muda? Milele. Ndivyo walivyoandika, wazungu wawili mezani, kuhusu ufuko wa Kigoma.

Ilipokaribia uhuru, Mwalimu Nyerere alilisimamia jambo hilo bungeni, Novemba 1961. Alichosema kwa ufupi ni hiki: Mwingereza alikuwa mdhamini wa nchi hii kwa muda, na mtu wa muda hawezi kutoa kitu cha milele. Kwa hiyo Tanganyika huru haitafungwa na ahadi hiyo. Msimamo wake kuhusu mikataba ya wakoloni ukapewa jina lake duniani, na wanafunzi wa sheria za kimataifa mpaka leo husoma habari za Nyerere na urithi wa mikataba. Shughuli za kupitisha mizigo ziliendelea kwa mipango mingine, maana Kongo na Burundi bado zilihitaji bandari. Kilichoondoka ni ile milele.

Je, unaona, msomaji? Hoja moja ya sheria inayofundishwa vyuo vikuu vya mbali ilianzia pia kwenye gati letu, hapa wanaposhusha ndizi na saruji. Halafu mtu ananiambia mimi ni wa mwisho wa reli!

Udongo na aibu

Basi tuteremke sasa Ujiji. Nisije nikaonekana nawasifu watu wa udongo ili kuwakomoa watu wa mawe. Kama ngome ya Kigoma ina damu kwenye msingi wake, Ujiji nayo inayo.

Majahazi yaliyokuja na pembe kutoka Manyema yalikuja pia na watu. Ujiji ilikuwa kituo katika njia ya watumwa, na wengi hawakupelekwa pwani: walibaki hapohapo, wakalima mashamba, wakapiga makasia, wakajenga hizo nyumba zenye baraza. Waliokuwa katika utumwa na waliotoka humo walijiita Wangwana, watu huru, waliostaarabika, wenye Kiswahili na dini. Jina hilo lilikuwa kama nguo mpya: linasitiri. Sheria ya kuufuta utumwa kabisa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Si zamani. Aliyezaliwa mtumwa Ujiji anaweza kuwa babu wa babu wa mtu unayekaa naye maskani.

Nilipata kumwuliza mzee mmoja wa Kitongoni. Nilimpa shikamoo yake, nikakaa barazani, tukazungumza habari za mvua na dagaa kwanza, kama ilivyo adabu. Halafu nikasema, "Babu, ukoo wenu ulifikaje hapa?"

Akanitazama kitambo. "Tulivuka," akasema.

"Mlivuka kwa biashara, babu?"

"Mjukuu wangu, ziwa likivukwa limevukwa. Wewe kunywa kahawa."

Nikanywa kahawa. Sikuuliza tena siku ile, na nilielewa kwamba nimejibiwa. Wahenga husema mkataa kwao mtumwa. Lakini Ujiji wamo watu wengi ambao wazee wao hawakukataa kwao, walinyang'anywa kwao. Wakafanya kazi kubwa ya kutengeneza kwao kupya, kwa Kiswahili, kwa dhikri za Kadiria, kwa ngoma, kwa ndoa, mpaka leo ukimwuliza mtoto wa Kasingirima au Rubuga kwao wapi, hasiti: Ujiji. Hiyo nayo ni kazi ya ujenzi. Hata Béla wa Nne hakujenga zaidi ya hiyo. Ila haionekani kwa kamera.

Hapa ndipo shida yetu ilipo. Jiwe hujitunza lenyewe kidogo. Linaweza kungoja miaka 200 mtu wa kulisoma. Udongo haungoji. Paa likitoboka, masika moja inatosha kuulainisha ukuta, masika ya pili unalala chini, ya tatu majani yameota, na mwenye kiwanja anafyatua tofali za saruji, naye ana haki, maana familia lazima ilale mahali pakavu. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu iingizwe kwenye orodha ya mapendekezo, Ujiji ikiwa moja ya vituo vyake sita, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Ni hatua njema. Lakini orodha haiezeki paa. Na hata kama ingeezeka, itamtunza nani asiyeandikwa? Ukuta wa Ujiji ukianguka bila mtu kusimulia nani alikaa humo, tumebaki na Livingstone na Stanley peke yao, wakivuliana kofia mpaka kiyama.

Na aibu je? Wapo watakaosema, mwache mzee na kahawa yake, kwa nini umchimbue? Hoja hiyo naiheshimu. Mwandishi hana ruhusa ya kutoboa siri za nyumba ya mtu ili apate sifa gazetini. Lakini kunyamaza kabisa nako kuna bei yake. Tukinyamaza, aliyenyang'anywa ndiye anayeendelea kuona haya, na aliyenyang'anya anaitwa tajiri wa zamani. Mimi nadhani haki ingekuwa kinyume. Kuuzwa si aibu ya aliyeuzwa.

Kazi iliyobaki

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika, nina ombi, tena si kubwa. Tumeandika mashairi mengi ya mapenzi, na mapenzi hayaishi, yatangoja. Wazee hawangoji. Kila mmoja wetu, awe wa Gungu, Mwanga, Kibirizi au Ujiji yenyewe, achague nyumba moja ya udongo. Moja tu. Apate ruhusa ya wenyewe. Aulize ilijengwa na nani, udongo ulichimbwa wapi, miti ya dari ilitoka msitu gani, nani alizaliwa humo, nani alisalia humo, na baraza lilikuwa la kazi gani. Akijibiwa "tulivuka", aandike "tulivuka", na asiongeze chumvi. Jina la mtu asiyetaka kutajwa lisitajwe. Achore ramani ya vyumba kwa penseli, aweke tarehe, atoe nakala mbili: moja abaki nayo mwenye nyumba, ya pili iletwe hapa gazetini.

Tukizipata nyumba 20, tutakuwa na mtaa. Mtaa huo hautakuwa na minara wala mahandaki, na watalii wa Budapest huenda wasiufahamu. Lakini mtoto wa Kigoma atakayeshuka stesheni ya Dar es Salaam mwaka ujao na gunia lake la dagaa, akiitwa mtu wa mwisho wa reli, acheke kama kawaida yetu, kisha awe na la kujibu. Awaulize: reli yenu ilipofika mwaka 1914, ilimkuta nani?

Mimi nimeanza na nyumba ya yule mzee wa Kitongoni. Alipoona nimerudi na penseli badala ya maswali, alinionyesha mwenyewe nguzo ya kwanza iliposimama.